Alamu inalia usiku, na mkanda kwa mjamzito

SWALI: Fundi habari za kazi, gari yangu Toyota IST alamu inalia yenyewe usiku hata paka akipita, majirani wamechoka na mimi nimechoka. Halafu mke wangu ana mimba ya miezi saba hataki kufunga mkanda, anasema utamuumiza mtoto, ni kweli?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Alamu usiing'oe. Pima betri kwanza, gari ikiwa imezimwa muda inatakiwa isome kama volti 12.6, ikiwa nzima cheki swichi ya boneti maana ikishika kutu alamu inadhani mtu kafungua, ikishindikana fundi umeme apunguze ukali wa sensa ya mtikisiko.

Sasa mkanda, hapa naomba mnisikilize wote wawili. Mjamzito anafunga kila safari, hata ya kwenda sokoni tu, kinachoumiza ni kufunga vibaya. Kipande cha chini kikae chini ya tumbo kwenye nyonga, kisipite juu ya tumbo kabisa, na cha juu kipite katikati ya matiti halafu pembeni ya tumbo, asikipitishe kwapani. Siti airudishe nyuma kidogo. Na asiseme gari ina eabegi, yaani mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga, ile imetengenezwa ifanye kazi pamoja na mkanda, bila mkanda mwili unarushwa mbele unaikuta ndo inafumuka kwa nguvu. Vile vidude vya kuchomeka ili kengele ya mkanda inyamaze, kama unacho kitupe leo, jamani.