Jibu: Chupa ya sukre (soda) yenye jina Elisabethville

Yaya, umeuliza kama chupa uliyochimbua kwenye kiwanja kule Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, ni ya zamani: ni ya zamani kweli. Mji wa Elisabethville ulibadilishwa jina kuwa Lubumbashi mwaka 1966, kwa hiyo kalibu (chombo cha kuundia chupa) yenye jina Elisabethville ilichongwa kabla ya hapo.

Sasa pitisha ukucha kwenye mshono wa ubavuni, ule mstari ulioachwa na kalibu. Ukipanda mpaka juu ya mdomo, chupa ilitoka kwenye mashine. Ukiishia shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono, na hapo umepata mali. Mdomo wa kifuniko cha bati hausemi kitu juu ya umri, maana vifuniko vile vilibuniwa zamani sana, 1892.

Ila usisugue na mchanga! Mimi moja iliniishia hivyo, rangi ya maandishi yote ikatoka, sasa naiwekea mawese. Tuma picha ya kitako: alama iliyo pale mara nyingi ni ya kiwanda cha vioo, si ya waliojaza sukre.