Marehemu Amekalia Riwaya Yangu, Nifanyeje?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, mzaliwa wa Likoni, sasa naishi Toronto. Mwenzangu, mwanamke niliyeishi naye miaka tisa, alifariki kwa saratani miaka mitatu iliyopita. Ninaandika riwaya ya mapenzi. Zuhura, fundi cherehani wa Mombasa, amefiwa na mpenziwe Mwanaisha, kisha anampenda Nasra, fundi wa friji. Nimefika maneno 40,000 na Nasra ndiyo kwanza anaingia, sura ya 9. Rafiki aliyesoma kaniambia hii si riwaya ya mapenzi, ni matanga. Kila nikimwandikia Nasra neno tamu najiona msaliti. Tena kuna mwanamke hapa nimeanza kuzoeana naye, anaomba kuusoma mswada. Nimpe? Na nikichapisha, nitumie lakabu? Wazazi wa marehemu wako Likoni. Nimekuambatishia sura tatu.*
*Aliyekwama*

Marahaba mwanangu, na pole. Miaka mitatu haijaifanya huzuni yako kuwa ndogo.

Rafiki yako kasema kweli, ila hakukueleza sababu. Umeandika vitabu viwili ukavitia jalada moja. Cha kwanza ni cha Mwanaisha na kimeiva. Cha pili, cha Zuhura na Nasra, hujakianza. Riwaya ya mapenzi huanza wapenzi wanapoonana, na msomaji wa aina hii ya vitabu hawezi kuvumilia sura nane za kungoja. Kwa hiyo mtoe Nasra sura ya 9 umlete sura ya 2, na ukiweza, mwisho wa sura ya 1. Ukilenga riwaya ya maneno 75,000, ambao ni urefu wa kawaida, wawe wameshaonana kabla ya neno la 7,500.

Bahati nzuri, namna walivyoonana umeiandika vizuri. Friji haigandishi, Nasra anaifungua, anakuta chupa ya achari ya embe iliyoota ukungu, na kifunikoni tarehe kwa mwandiko wa marehemu. "Hii nitupe?" "Iache." Nasra anaipangusa chupa, anairudisha palepale, anaendelea kukagua kompresa. Hapo msomaji ameshampenda Nasra. Lakini wewe ukaharibu, maana aya inayofuata Zuhura anakumbuka kurasa sita mfululizo jinsi achari ile ilivyopikwa. Futa zote sita. Chupa imeshasema.

Hilo ndilo kosa lako kubwa, mbinu rejeshi, yaani pale unaporudi nyuma kusimulia yaliyopita, zisizo na mpaka. Zihesabu. Kwa kitabu cha urefu huo zisizidi sita, kila moja maneno 300 hadi 500, na kila moja iletwe na kitu anachokigusa Zuhura saa hiyohiyo, si kwa kuwa amekaa dirishani anafikiri. Tena ziwe nyingi nusu ya kwanza, mbili tu nusu ya pili. Chapisha mswada, chukua kalamu tatu za rangi: nyekundu kwa aya za Mwanaisha, kijani kwa za Nasra, buluu kwa Zuhura na maisha yake, yaani wateja, kodi ya duka, dada yake. Ukikuta kurasa tatu nyekundu zimefuatana, hapo ndipo msomaji anapofunga kitabu. Ulichokata usikifute, kiweke kwenye faili lake. Huenda siku moja kikawa kitabu kingine, na hicho kiwe cha huzuni kadiri upendavyo.

Sura yako ya 2, ile ya nguo za marehemu, ihamishe tu, maneno yake usiyaguse. Zuhura yuko jikoni anamenya vitunguu pamoja na wapishi, chumbani wanagawana nguo, na sauti inaita, "Wewe shoga yake marehemu, hebu tuazime mkasi wako," shoga kwa maana ya rafiki tu. Anawapa mkasi wake wa kazi, wanaikata pea ya leso katikati, kipande kwa binamu na kipande kwa jirani. Hakuna aliyempa mkono wa pole. Mke aliyefiwa na mume angekaa eda miezi 4 na siku 10, watu wakimletea chakula. Zuhura amerudi kwenye cherehani siku ya nne. Msiba usiotambuliwa na mtu ndio unaoitofautisha riwaya yako na ya mjane mwingine yeyote. Tukio hilo lifanye kuwa mbinu rejeshi ya kwanza, sura ya 3. Ila nakuonya kuhusu kile kipande cha leso ulichomrudishia Zuhura sura ya 7: kisimfunike Nasra kamwe. Waandishi wengi humvisha mpenzi mpya nguo za marehemu wakidhani ni heshima, na msomaji anaona mbadala.

Mwanaisha naye mpe kasoro. Katika kurasa ulizonitumia hakosei, hakasiriki, hata homa haimnunishi. Mtu wa namna hiyo hakuna wa kushindana naye, na Nasra atashindwa kabla hajafungua mdomo. Kasoro mbili zinatosha, na moja iwe ya kumkera Zuhura mpaka leo, kama deni alilomwachia au ugomvi ambao haukupatanishwa. Nasra vilevile awe na shida yake mwenyewe. Ikiwa kazi yake ni kumpangusa Zuhura machozi, umeandika muuguzi.

Huzuni ya Zuhura unaipanga kama ngazi: kwanza analia, kisha anapoa, kisha anapenda. Haiendi hivyo. Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walieleza kwamba aliyefiwa huenda na kurudi, mara kwenye msiba, mara kwenye kujenga maisha mapya, hata ndani ya siku moja. Itumie hiyo. Mchana acheke na Nasra kivukoni, usiku ashindwe kufuta namba ya marehemu kwenye simu. Busu la kwanza liwe karibu na neno la 37,000, na siku ya pili yake asitoroke nyumbani kwa majuto. Kila mtu anaiandika hiyo. Afadhali ajikute amefurahi, na furaha ndiyo imtishe.

Watengane karibu na neno la 56,000, lakini sababu isiwe Mwanaisha peke yake, kwani maiti haiwezi kuomba radhi wala kubadilika, na ugomvi wa namna hiyo hauna pa kwenda. Iwe jambo ambalo walio hai wanaweza kulitenda. Mfano, Nasra amechoka kutambulishwa kwa watu kama "fundi", kama vile Zuhura alivyotambulishwa "shoga" matangani. Sasa Zuhura anamfanyia mwenzake alichofanyiwa yeye, na ana la kurekebisha.

Mwisho uwe wa furaha. Hapa sina mjadala. Mwaka 1952 huko Marekani, Marijane Meaker, aliyetumia lakabu ya Vin Packer, alitakiwa na mchapishaji asiwape wanawake wawili wapenzi wa riwaya yake mwisho mwema, kwa hofu kwamba posta ingevizuia vitabu. Miaka 66 baadaye, Kenya, filamu *Rafiki*, ya wasichana wawili wanaopendana, ilipigwa marufuku, na mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, akasema bodi ya filamu ilitaka abadilishe mwisho kwa kuwa una matumaini mno. Wasomaji wako wameshawazika wapenzi wengi mno vitabuni. Kifo kimoja, tena kilichotokea kabla ya ukurasa wa 1, kinawatosha. Nasra asigongwe na matatu, wala asilazwe ili tu Zuhura atambue kwamba anampenda. Na nyuma ya jalada useme wazi kwamba Zuhura amefiwa, anayetaka aepuke mapema.

Kuhusu lakabu: itumie, na barua pepe yake iwe ya peke yake. Badilisha ugonjwa, hospitali na idadi ya ndugu. Wewe uko Toronto, lakini wazazi wa marehemu wako Likoni na simu zao zinasoma kila kitu.

Sasa huyo mwanamke. Usimpe mswada. Huu wa leso na mkasi ni msiba wako, naye atausoma akijitafuta ndani ya Nasra, na akijipima na Mwanaisha asiye na kasoro. Hayo maneno mwambie kwa mdomo kwanza: nilikuwa na mwenzangu, tuliishi miaka tisa, alifariki, bado namlilia siku nyingine. Ukiona huwezi kumwambia hayo mkiwa mnakunywa chai, mswada hautakusaidia kuyasema. Riwaya mpe ikishafika rasimu ya tatu, umwambie mapema yapi ya kweli na yapi ya kubuni.

Rasimu ya pili wape wasomaji watatu: mpenzi wa riwaya hizi, aliyefiwa na mwenzake, na mmoja ambaye hakumjua marehemu wako. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize ni ukurasa gani walitaka kwa mara ya kwanza wawili hawa wawe pamoja, wapi waliruka, na ni kipi kibaya wanachokijua kuhusu Mwanaisha. Swali la mwisho wakilikosea wote watatu, rudi mezani.

Ama usaliti unaousikia ukimwandikia Nasra, andika kurasa zake asubuhi na za Mwanaisha siku nyingine kabisa, usizichanganye. Unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine ndani ya saa moja, lazima moyo udai. Ukishapanga upya sura ya 1 hadi ya 5 nitumie. Zile za hospitali baki nazo kwanza.

Shangazi