Jibu: Maadui wanampita Alistair na kumuua mchawi

Ndugu, umeuliza kwa nini maadui kwenye mchezo wa video wa Dragon Age: Origins wanampita Alistair, mpiganaji wako wa ngao, na kumkimbilia mchawi wako. Deraya na ngao peke yake hazitoshi. Adui humfuata anayemwona tishio kubwa zaidi, na mchawi akitangulia kurusha moto, ataandamwa yeye. Mzuie mchawi kwanza. Simamisha mchezo, mtangulize Alistair, subiri maadui wamzunguke, kisha tumia Taunt, mbinu yake ya kuwachokoza wamgeukie yeye. Threaten, mbinu inayomfanya aonekane tishio zaidi kila anapopiga, iache imewashwa muda wote. Mchawi aanze kazi sekunde chache baadaye. Mimi hupenda sana kumsimamisha Alistair mlangoni: wanabanana pale pale, hawana pa kupenya.

Pointi za Alistair za kuongeza uwezo usizimwage zote kwenye afya, tafadhali. Kosa hilo huniuma kwa sababu linamharibu shujaa mzuri. Mpe nguvu za kutosha kuvaa deraya nzito, zinazobaki ziende kwenye wepesi. Kila pointi ya wepesi humwongezea ulinzi, kwa hiyo mapigo mengi yatamkosa. Shield Wall, mbinu ya kujikinga kwa ngao, ni nzuri pia, ila hupunguza uzito wa mapigo yake mwenyewe, basi iwashe mnapokutana na mazimwi.