Je, kila maandishi ya wasioona ni "nukta nundu"?

SWALI: Katika makala ya jarida la shule yetu niliandika kwamba Valentin Haüy wa Paris alichapa kitabu cha nukta nundu mwaka 1786. Mhariri akayakata maneno hayo. Kosa liko wapi? Tena, mtu asiyeona "anasoma" kitabu chake au "anakipapasa"?

JIBU: Mhariri wako yu sahihi. Nukta ni kitone, na nundu ni kilichoinuka, kama ile ya mgongoni mwa ng'ombe. Haüy hakutumia kitone hata kimoja. Alichukua herufi zile zile wanazosoma wenye kuona, akazikuza, akazigandamiza kwenye karatasi nzito iliyoloweshwa hadi zikatokeza upande wa pili. Mwanafunzi alifuatisha umbo la kila herufi kwa kidole, polepole mno. Mimi ningeziita herufi nundu, kwa mfano wa nukta nundu yenyewe. Ukihofia kwamba wasomaji hawajalizoea jina hilo, andika "herufi zilizotokeza".

Kwa Charles Barbier mambo ni tofauti. Mwaka 1821 alipeleka katika shule ya wasioona ya Paris, ile aliyoianzisha Haüy, mfumo wake wa vitone, hadi 12 kwa alama moja, katika safu mbili za sita sita, vikiwakilisha sauti badala ya tahajia. Hivyo unaweza kuviita nukta nundu bila kukosea, kwa kuwa jina letu linataja kile kinachokutana na kidole, wala halimtaji mvumbuzi. Neno "breli", jina jingine la nukta nundu linalosikika sana Kenya, haliwezi kurudi nyuma hivyo, maana limebeba jina la Louis Braille, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi wa miaka 12 shuleni hapo. Yeye ndiye aliyepunguza vitone hadi sita, vikaenea chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja, akauchapisha mfumo wake mwaka 1829. Wakikutana wote wawili katika aya moja, mtofautishie msomaji: "nukta 12 za Barbier", "nukta sita za Braille".

Na maandishi ya William Moon, yaliyotoka Uingereza mwaka 1845? Yale ni ya mistari na mikunjo, kwa hiyo si nukta nundu.

Sasa hilo la kupapasa. Kupapasa ni kutafuta usichokiona, kama mtu anayesaka kiberiti gizani. Anayepitisha kidole kwenye nukta nundu hatafuti kitu: anatambua herufi, anaunganisha maneno, anacheka penye kichekesho. Kila ninapokutana na sentensi kama "alikuwa akipapasa kitabu chake" huniuma, kwa sababu humvua msomaji usomaji wake. Andika "anasoma kwa vidole". Na habari ya vidole ikishajulikana, andika "anasoma" tu.