Upepo unavyovunja rotata za antena: maswali yenu

Rotata yangu (mota ya kuzungushia antena) inaruhusiwa kubeba uzito mkubwa kuliko wa Yagi niliyonayo, yaani antena ya fito kadhaa zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, tena kwa mbali. Mbona upepo wa wiki iliyopita umevunja meno ya gia?

Pole sana ndugu. Uzito hauna kosa hapo, maana unashuka wima na beringi zinauhimili. Kinachoua gia ni kusokotwa. Upepo unaisukuma antena upande mmoja, unaiachia, kisha unairudisha, na kila ikirudi meno yanagongana. Siku ya upepo simama chini ya mnara utazame ncha za fito: utaziona zikicheza nyuzi chache kulia, nyuzi chache kushoto, na penye gia iliyolegea utasikia "ko" kila mwisho wa mchezo. Mlio huo ukishaanza, ulegevu kati ya meno ya gia huongezeka, na gonga linalofuata huwa zito zaidi.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo hupanda kwa mraba wa kasi yake. Upepo ukitoka kilomita 50 kwa saa kufika 100, nguvu inakuwa mara 4, si mara 2. Kwa hiyo unaponunua rotata, kilo ziache kwanza, uliza eneo la upepo, yaani ukubwa wa antena inayopigwa na upepo ambao rotata inauhimili. Hata hilo linategemea ulivyoifunga: Ham IV ya Hy-Gain imekadiriwa takriban mita za mraba 1.4 ikiwa ndani ya mnara, lakini ikifungwa juu ya mlingoti kwa kishikio chake cha chini, inabaki nusu ya hapo.

Kwa hiyo niifunge ndani ya mnara?

Ndiyo, na uweke beringi kileleni ili mlingoti ushikwe mahali pawili. Rotata ikikaa chini zaidi, mlingoti mrefu ulio juu yake hujisokota kidogo na kumeza mshtuko kabla haujafika kwenye gia. Ila usikaze bolti kabla hujauzungusha mlingoti kwa mkono duara zima. Ukikwama popote, beringi na rotata haziko kwenye mstari mmoja, na mota itateseka hata siku isiyo na upepo.

Dhoruba ikitangazwa, antena nielekeze wapi?

Elekeza mhimili wake kule upepo unakotokea. Hapo fito zinapigwa sawasawa pande zote mbili za mhimili, nusu ya kushoto inaizuia nusu ya kulia, na msokoto unaofika kwenye rotata unapungua. Lifanye mapema, upepo ukiwa bado mdogo, kisha uondoe mkono kwenye kisanduku cha kuendeshea rotata. Hata upepo ukibadili mwelekeo usiku, iache.

Nasisitiza hili kwa sababu ya breki. Kwenye Ham IV, kabari ya chuma hudumbukia kati ya meno na kuishika antena. Ukibonyeza swichi ya breki, kabari inatoka, na sasa kati ya upepo na mota hakuna kizuizi isipokuwa gia. Tena ukiachia swichi antena ikiwa bado inaserereka, kabari inagonga meno yakiwa kwenye mwendo. Hata siku tulivu, acha kuzungusha kwanza, ngoja antena isimame kabisa, ndipo uachie breki. Watu wengi wanaulaumu upepo kwa uharibifu ulioanzia kwenye kidole. Rotata za gia ya parafujo hazina shida hii, kwa kuwa parafujo ya mota huzungusha gurudumu la antena, lakini gurudumu kwa kawaida haliwezi kuigeuza parafujo.

Mlingoti unateleza ndani ya klampu. Nitoboe nipitishe bolti?

Kwa rotata ndogo, mimi sishauri. Mlingoti ukiteleza, unapoteza mwelekeo tu, na unaurekebisha kwa spana. Ukiupigilia bolti, nguvu yote inaenda kwenye meno. Kaza klampu vizuri, uiache iwe fyuzi yako.

Antena yangu husukumwa upande uleule kila upepo ukivuma kutoka ubavuni. Nimeisawazisha kwa uzito, haisaidii.

Usawa wa uzito na usawa wa upepo ni vitu viwili. Mlingoti ukishika mhimili nje ya katikati, upande mrefu unapata upepo zaidi na antena inageuka kama bendera. Funga kibati bapa, kikiwa kimesimama wima, kwenye ncha ya upande mfupi. Anza na kidogo, utazame, uongeze.

Breki inasuasua kuachia tangu nihamishie mnara mbali na nyumba.

Kebo imekuwa ndefu na volti zinapotelea njiani. Kabari isipotoka yote, mota inavuta dhidi yake na gia ndizo zinazolipa. Kwenye rotata za aina ya Ham IV, waya namba 1 na 2 ndizo zinazobeba umeme wa breki. Badilisha hizo mbili kwanza, uweke nene zaidi.