Skafu inayopungua upana

SWALI: Shikamoo mama. Ninaishi Makambako, na nilianza kujifunza kufuma kwa kroshia mwezi wa Juni, baridi ilipokuwa imetufungia ndani. Jirani alinifundisha kishono kirefu, nikakimudu. Kisha nikahamia kishono kifupi ili nipate skafu nzito isiyopitisha upepo. Mstari wa kwanza ulikuwa na vishono 30, lakini wa kumi una 21, na skafu inaelekea kuwa pembetatu. Nimeifumua mara tatu. Je, ninakaza uzi kupita kiasi?
Msomaji, Makambako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uzi hauna hatia. Anayekaza uzi hupata kitambaa kigumu na kilichojikunja, lakini idadi ya vishono vyake haibadiliki. Wewe umepoteza vishono tisa katika mistari tisa, yaani kimoja kila ulipogeuza kazi, na hesabu iliyonyooka namna hiyo inaonyesha kwamba kosa liko ukingoni.

Nadhani umehamia kishono kifupi ukiwa na kanuni ya kirefu. Katika kishono kirefu, ukishageuza kazi unafuma vitanzi vitatu vya mnyororo, na kwa desturi vitatu hivyo huhesabiwa kuwa kishono cha kwanza; ndiyo maana jirani yako alikufundisha kuruka tundu la kwanza. Kishono kifupi huanza kwa kitanzi kimoja tu, ambacho kazi yake ni kuinua uzi ufikie kimo cha mstari mpya, na kwa kawaida hakihesabiwi. Ukiruka tundu la kwanza hapo, hakuna kinachojaza nafasi yake.

Kwa hiyo geuza kazi, fuma kitanzi kimoja, kisha ingiza kroshia katika kishono cha kwanza kabisa, kile kilicho chini ya kitanzi hicho, ukipitisha chini ya nyuzi zote mbili za juu zinazofanana na herufi V iliyolala. Vuta uzi utokeze upande wako, nawe utakuwa na vitanzi viwili kwenye kroshia; zungusha uzi tena na uupitishe katika vyote viwili kwa pamoja. Hicho ni kishono kimoja. Kabla hujaendelea, kitie pini au kipande cha uzi wa rangi nyingine, kwa sababu utakaporudi mstari unaofuata, hapo ndipo kishono chako cha mwisho kinapotakiwa kuingia. Wanaoanza hukiacha mara nyingi, kwa kuwa hujificha pembeni, na uzi mweusi wenye manyoya hukificha zaidi. (Sijui kwa nini wanafunzi wangu wote hupenda kuanza na uzi mweusi!)

Ukitafuta mafunzo kwenye simu, angalia yametoka wapi. Kishono hiki kifupi Wamarekani hukiita cha moja, ilhali Waingereza hukiita cha mbili, jina ambalo Wamarekani wamelipa kile kirefu.

Safari hii usifumue yote. Mstari wa kwanza una vishono 30 kamili, basi rudi hadi hapo tu, kisha uhesabu zile V mwishoni mwa kila mstari bila kuhesabu kitanzi kilichobaki kwenye kroshia.