Maswali ya anga: Picha si ushahidi, uzito ndio

*Shikamoo mwalimu. Nishati ya giza na maada ya giza si kitu kimoja? (Uyole)*

Marahaba. Si kitu kimoja. Maada ya giza huvuta vitu pamoja, nishati ya giza huharakisha kutanuka kwa ulimwengu. Swali hili linaletwa kila mara na watu wasiosoma majibu ya nyuma. Sitalirudia.

*Kwa nini tusijenge darubini ya eksirei juu ya Loleza? (Mbeya mjini)*

Hewa humeza eksirei za angani kabla hazijafika kileleni. Ndiyo maana darubini ya Chandra ilirushwa angani 1999 na ya eROSITA 2019.

*Eksirei zinaonyeshaje nishati ya giza, na yenyewe haionekani? (Mafinga)*

Haziionyeshi. Zinaonyesha gesi. Katika kundi la galaksi, sehemu kubwa ya maada ya kawaida haiko kwenye nyota, iko kwenye gesi iliyotanda kati ya galaksi, yenye joto la nyuzi milioni 10 hadi 100. Gesi ya moto kiasi hicho hutoa eksirei. Ukijua joto lake na ilivyotanda, unakadiria mvutano unaoizuia isitawanyike, na hapo unapata uzito wa kundi zima, maada ya giza ikiwemo.

Kisha hesabu inaanza. Ukitazama mbali unaona zamani, kwa hiyo unalinganisha: makundi mazito yalikuwa mangapi enzi zile, na ni mangapi karibu nasi? Nishati ya giza ikiharakisha kutanuka, makundi huchelewa kunenepa. Mwaka 2009 mwanaastronomia Alexey Vikhlinin na wenzake, kwa makundi 86 yaliyopimwa na Chandra, waliona ukuaji umezuiwa hivyo hasa. Mwaka 2024 timu ya eROSITA ilitumia makundi 5,259, na jibu likabaki upande ule ule: nishati ya giza haionekani kubadilika.

Hukuuliza, lakini nasema: acheni kunitumia picha za buluu na zambarau mkiziita ushahidi. Rangi zile huwekwa na watu kwenye kompyuta. Kundi lililogongana na jingine hupendeza sana pichani, ila gesi yake haijatulia na uzito wake hupotoka. Ndiyo maana timu ya eROSITA ilisahihisha mizani yake kwa njia nyingine, ya kuangalia kundi linavyopinda nuru ya galaksi zilizo nyuma yake.

*Nasikia nishati ya giza inapungua nguvu. (Njombe)*

Vipimo vya 2024 na 2025 vya DESI, mradi unaopima mpangilio wa galaksi, vimetoa dalili. Hukumu bado. Anayekutangazia kwamba imethibitishwa anatafuta watazamaji.

*Kimondo cha Mbozi kina nishati ya giza ndani? (Tunduma)*

Kina chuma.

*Nasoma fizikia Iringa. Bila darubini nitafanya nini? (Kihesa)*

Data nyingi za Chandra ni bure kwa yeyote, na za awamu ya kwanza ya eROSITA zilifunguliwa Januari 2024 kwa nusu ya anga. Darubini si shida yako. Shida ni kwamba wengi wenu mnakwepa somo la takwimu kisha mnataka kupima ulimwengu. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, chukua kundi moja lililotulia, pima joto la gesi yake, na uandike kiasi cha shaka cha kila kipimo, yaani kinaweza kukosea kwa kiasi gani. Ukileta jibu lisilo na kiasi hicho, sitalisoma.